Anauliza Bei Mara Mbili

Lorna Halvorsen ameingia dukani kwangu na theluji mabegani,
hakuikung'uta.
Anauliza bei ya insulini. Namtajia.
Anauliza tena,
kama mtu aliyesikia jina la marehemu likiitwa sokoni.

Kutoka kwao Minesota hadi hapa ni daraja moja
na mto ulioganda, ambao samaki wake
hawajui wanaogelea nchi gani.
Ng'ambo, chupa hii hii,
kiwanda kile kile, kizibo kile kile cha rangi ya chungwa,
inakaribia dola mia tatu.
Hapa thelathini na tano. Ananipa arobaini, namrudishia chenji.

Bima anayo. Anatoa kadi,
ina picha ya familia inayocheka.
"Mpaka kwanza nifikishe elfu sita za mfukoni mwangu,
ndipo wao waanze kunijua."
Elfu sita: kisima unachokijaza kwa kijiko
na kila Januari kinakauka upya.

Mwanawe Soren ana miaka kumi na tisa.
Mwaka jana alikuwa akijidunga nusu dozi,
kimyakimya, asimwongezee mama deni.
Alimkuta sakafuni bafuni,
pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi.
Siku tatu wodini. Bili yake Lorna haitaji;
ameikunja ndani ya pochi, ndogo kama hirizi.

Nisijigambe lakini.
Mama yangu anangojea nyonga mpya,
mwezi wa kumi na nne huu,
na ngazi za hapa juu ya duka hushuka kwa makalio,
kidato kwa kidato, akihesabu kwa Kipunjabi.
Siku yake ikifika hatadaiwa senti.
Ikifika.
Na kadi ya jimbo humlipa daktari tu; dawa, wengi wetu
twajinunulia.
Tena bima yetu haina meno: muulize baba,
anayetafuna upande mmoja tangu mavuno.

Nampangia chupa kumi katikati ya vifuko vya barafu,
juu yake cheti cha daktari, ofisa wa forodha akione mapema.
Mlangoni anageuka.
"Thelathini na tano?"
"Thelathini na tano."

Gari lake likishaondoka nachukua tambara,
nafuta maji aliyoyaacha sakafuni
kabla mama hajashuka.