Ulimi wa Kengele

Mlango wa chumba changu hapa Tromsø haujifungi hata pepo za Januari zikivuma,
kwa sababu nimeuwekea kizuizi:
kipande cha chuma, kinene upande mmoja,
kizito kama mkate wa shayiri.
Wajukuu hukiita goti la jitu.
Sijawasahihisha.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano tulipokwenda barafuni kuwinda sili.
Meli iliitwa Sigrun. Tulikuwa thelathini na mmoja,
na nahodha, Torkel Haugnes, alituhesabu kila asubuhi
kwa kidole, kama mtu anayehesabu mayai aliyokwisha kuyauza.

Peder alimng'oa meno mawili kwa ajili ya kijiko cha sukari.
Mimi alinichapa kwa kamba iliyolowa,
nikalala kifudifudi siku nne.
Lakini usiku vidole vyangu vilipogeuka vyeupe kama mishumaa
ni yeye aliyefungua koti,
akavitia kwapani mwake,
akakaa saa nzima bila neno, akitazama ukuta.
Kwapa lilinuka tumbaku na mafuta ya sili.
Vidole vyote kumi ninavyo hadi leo.
Niambie wewe, mtu huyo nimweke wapi?

Kazi yenyewe haitaki maneno mazuri.
Rungu, kisu, ngozi. Rungu, kisu, ngozi.
Mtoto wa sili ana macho ya mtu aliyeamshwa usingizini.
Siku ya kwanza nilitapika.
Siku ya tatu nilipiga mluzi.

Kisha ukungu ukashuka, mchana, ghafla,
na wawili walikuwa bado mbali na meli:
Anfinn Rossvoll, na Jakob wa Senja aliyekuwa na kigugumizi.
Nikakabidhiwa kengele.
"Piga," alisema nahodha. Nikapiga
hadi mabega yakafa ganzi, nikapiga kwa mabega yaliyokufa.
Mara mbili tulisikia mtu akiitika,
sauti nyembamba, isiyo na upande.

Barafu ikaanza kuibana Sigrun.
Mbao zake zikalia, nasi sote tukajua kilio kile kinaomba nini.
Nahodha akaja, akaushika ulimi wa kengele kwa mkono mtupu.
"Ishirini na tisa," alisema.
Hakuwa akiniambia mimi. Alikuwa anahesabu.

Serahangi alivua kofia, kisha akaivaa tena.
Peder alitazama viatu vyake.
Na mimi kamba ilikuwa bado mkononi.
Hilo nalisema mara moja tu.

Wanasema manahodha wengi, chombo huenda mrama.
Kwetu alikuwa mmoja,
na chombo kilikwenda sawa,
kikatoka kwenye taya za barafu kabla ya giza,
kikiwa na ngozi elfu mbili na watu ishirini na tisa,
nami nikaoa, nikazaa, nikaitwa babu.
Hapo ndipo kidonda kilipo:
hesabu yake ilikuwa sahihi.

Usiku ule niliufungua ulimi kwa kisu cha mpishi,
nikauficha ndani ya soksi.
Asubuhi nahodha aliiona kengele bubu,
akaniona mimi, akaniangalia sana, akapita.
Afadhali angenichapa.

Mwezi Mei nilikwenda Rossvoll kwa mama yake Anfinn.
Alikuwa mfupi, mikono imepasuka kwa chumvi.
Aliniandalia samaki mkavu, viazi, siagi kidogo
iliyoonyesha kwamba siku nyingine haikuwepo.
Hakulia. Aliuliza kama anayeuliza bei:
"Kengele mlipiga?"
"Tulipiga."
"Mpaka lini?"

Ulimi ulikuwa mfukoni mwangu, ukilivuta koti upande.
Nilikuwa nimekwenda kumpa.
Njia nzima nilikuwa nimeyapanga maneno.

"Mpaka mwisho, mama."

Akatikisa kichwa polepole.
"Basi alijua mnamngoja," akasema,
akaniongezea kiazi.
Nikakila chote, pamoja na ganda.