Uzito wa Mweka Hazina

Kilo themanini na moja, pamoja na viatu.
Varghese alinipima kwa mizani ya vitunguu
nyuma ya hangari, akaandika kwa chaki mlangoni
jina langu na uzito wangu, wanachama wote wakiona.
"Unafaa," akasema, kwa Kiarabu chake cha Kerala.
Ndivyo nilivyopata kuruka:
si rubani, si mgeni.
Mzigo.

Klabu yetu ya Bidiya ina ndege mbili bubu,
zisizo na injini, mabawa marefu kama maneno ya jirani,
na haina cha kuzivutia.
Ile ya zamani ilitufia Shaabani,
silinda ya tatu ufa, ya nne kimya.
Tangu hapo tumekaa chini tunabishana,
tunamaliza kahawa.

Sleyyum anataka mpya, nyeupe, nyepesi,
inayokunywa petroli kwa adabu
kama bibi harusi mbele ya wakwe.
Ameleta picha za rangi. Ameleta na grafu.
Muhenna anataka ya manjano
iliyonyunyizia mitende dawa miaka ishirini huko Batina,
bado inanuka sumu,
kiti kimoja, pua ndefu, sauti ya kusaga kokoto.
Mimi nataka risiti.

Hesabu nilishapiga: lita kwa kila mvuto,
bima, propela, mchanga unaokula kila kitu.
Daftarini nyeupe ilishinda, kwa wino wa kijani.

Tukazijaribu Julai, saa nane mchana,
maana Rayya alisema: asubuhi kila ndege hodari.
Joto nyuzi arobaini na sita.
Hewa ya saa hiyo nyembamba, haishikiki,
bawa huipapasa kama mkono unaotafuta swichi gizani.
Nimefungwa mikanda nyuma ya Rayya,
abaya nimeikalia isinase kwenye usukani.
Kamba ikanyooka. Nyeupe ikavuta.
Ikavuta.
Kokoto, kokoto, bado kokoto,
na ule mti wa ghafu mwisho wa njia
ukaanza kuwa na matawi,
kisha matawi yakawa na majani,
kisha nikaona kiota.
Rayya hakusema kitu. Nilimsikia akimeza mate.
Tulipita. Tuseme tulipita.
Tulipotua kalamu ilikuwa imevunjika ngumini mwangu,
kiganja chote kijani.

Saa tisa, ya manjano.
Ilituvuta kama mama anavyomtoa mtoto barabarani:
kwa mkono mmoja, bila samahani.
Ghafu likapita chini, mti tu.
Likapita zizi la ngamia la kina Harub,
tangi la maji, matuta ya mchanga yaliyokunjana
kama shuka la mtu aliyeota vibaya.
"Vuta hicho kifundo," Rayya akaniambia.
Nikavuta. Kamba ikaondoka na kelele zake.

Sijui niandike nini kuhusu dakika kumi zilizofuata.
Hazimo daftarini.

Niliona tu, chini kushoto,
manjano ikishuka polepole, duara baada ya duara,
ingawa Muhenna ni mtu wa haraka.
Varghese alimwonya: injini yenye moto haipoozwi ghafla,
itapasuka,
kama ndugu waliogombana jana.
Nami huku juu, Mungu anisamehe,
nikahesabu petroli ya kila duara.

Jioni nikasema, "Ivushayo ni mbovu."
Rayya peke yake akacheka,
wengine wakangoja nitafsiri. Sikutafsiri.
Sleyyum akadai hesabu zangu za wino,
nikamfungulia kiganja.
Hundi niliiandika kwa penseli ya Varghese,
benki ikairudisha, nikaandika nyingine.

Ada zitapanda. Watu wawili wamenuna.
Chaki bado iko mlangoni, themanini na moja.
Varghese aliuliza kama aifute.
Ngoja kwanza, nikamwambia.
Bado hatujachagua kamba.