Nyeupe Haiko Kwenye Kopo

Miaka thelathini nimeandika kuta za Bukavu:
saluni, famasi, bia baridi, hapa tunachaji simu.
Rangi ya mafuta ilinidekeza.
Ukikosea unangoja kesho, unapaka juu yake.
Chini ya neno FAMASI pale Nyawera
kuna FAMSI, na chini ya FAMSI kuna FARMASI;
mwenye duka hajui, Mungu naye kanyamaza.

Sasa Cibalonza, mtoto wa dada yangu,
kaniletea karatasi nene na vidonge kumi na viwili vya rangi.
Mjomba, anasema, hii ni ya maji. Haisahau.

Siku ya kwanza nililipaka ziwa
kama ninavyopaka mlango: kwenda, kurudi, kurudi tena.
Karatasi ikavimba, ikajikunja
kama bati lililopigiliwa misumari michache.
Bluu nikaitilia kijani, kijani nikakitilia nyekundu,
nikitafuta jioni.
Nikapata tope la Panzi, mwezi wa kumi na moja.

"Maji yako machafu," akasema.
Kopo moja la kuoshea, jingine la kuchovya.
Vuta mara moja. Inua mkono. Uache.

Uache!
Neno hilo halikuwamo katika kazi yangu.

Na Bukavu haikaushi kitu. Mvua dirishani,
ukungu umeketi juu ya ziwa tangu saa moja.
Nikaligusa anga kwa kidole: bado baridi.
Nikaongeza tone, kurekebisha tu,
ikachanua koliflawa katikati ya mawingu,
kingo zake kama chumvi ya jasho kwenye kola.
Nikaifukuza kwa brashi. Ikazaa ya pili.

Nikauliza, kopo la nyeupe liko wapi?
Akacheka hadi akashika meza.
"Haiko kwenye kopo, Mjomba.
Ulikuwa nayo tangu asubuhi, ukaifunika."

Tukabandika nyingine ubaoni, gundi pande zote nne.
Nikauinamisha ubao; shanga ya maji ikateremka
kutoka milima ya ng'ambo hadi Nguba,
nami nikaifuata tu, kama mtu anayesindikiza mgeni.
Paa moja nikalizunguka, mkono ukiniwasha.

Mke wangu akaja akasimama nyuma yangu.
"Hapa umesahau."
"Ni bati la kina Namegabe," nikasema, "limepigwa jua."
"Jua gani? Mvua tangu Jumatatu."
Akalitazama tena.
Kisha akachukua beseni la nguo mbichi,
akatoka nje kuanika.