Namba ya Leo

Asubuhi, kabla ya chai, namuuliza mume wangu namba.
Sifuri ni usingizi wa mtoto mchanga.
Kumi ni siku ile paa la mgodi lilipomshukia,
hapa Wałbrzych, makaa yalipokuwa bado yana mwenyewe.
"Saba," anasema Zenon, akizitazama soksi zake
kama mtu aliyesimama ukingoni, hajui kina.

Miaka kumi na tisa tumeishi kwa vidonge:
vyeupe vya asubuhi, vya njano vya usiku,
na kimoja cha kutuliza yaliyoletwa na vingine.
Maumivu yalilala, kweli,
lakini yalilala na yeye.
Nilipika supu ya watu wawili
nikala peke yangu, naye yupo mezani.

Daktari Halszka hakumnyang'anya kitu.
Alivuta kiti, akauliza:
"Ukirudishiwa mgongo wako kwa saa moja, utaufanyia nini?"
Zenon alifikiri mpaka simu ya mezani ikalia, ikanyamaza.
"Nitafunga kamba za viatu," akasema. "Mwenyewe."

Basi dawa ikatafutiwa wenzake.
Jumanne ni bwawa la maji moto,
wachimbaji wazee sita wanaelea
kama maandazi kwenye karai.
Alhamisi ni Bi Thuỷ, mzaliwa wa Hải Phòng,
anamchoma sindano nyembamba kama unywele
huku akimgombeza: shusha mabega, shusha!
Usiku, kuhesabu pumzi.
"Nimevuta vumbi miaka ishirini,
leo nafundishwa kupumua?"

Kaka yake anasema huo ni uganga mtupu.
Labda. Sindano hata mimi sizielewi.
Najua tu kwamba vya njano vimebaki nusu,
daktari akivipunguza robo kwa robo,
na kwamba jana Zenon alilalamikia chumvi,
nikafurahi.

Januari, theluji ilipokaza, alirudi kwenye tisa,
akautupa mpira wa mazoezi dirishani.
Jirani wa chini aliurudisha, hakuuliza.

Maumivu hayajahama.
Yamepangiwa chumba cha uani,
na siku nyingine yanaingia sebuleni bila hodi.

Leo amesema, "Tano."
Kisha akainama.
Birika lilichemka, likapoa.
Nilitazama nje, mikono nimeifungia ndani ya aproni
isije ikakimbilia kusaidia.

Fundo la kushoto limelegea.
Silisemi.