Daftari la Madeni

Redio imesema makopo yarudishwe:
nyama ya ng'ombe, lebo nyekundu,
namba inayoishia sabini na moja.
Nimeyapindua kichwa chini juu ya kaunta,
miwani puani, tochi ya simu mkononi.
Yapo manane. Katoni ilikuja na kumi na mawili.

Manne yameshaingia Yombo Vituka.

Nafungua daftari la madeni,
lile nililolilaani mwezi mzima.
Fundi Chogero, kopo moja, atalipa Ijumaa.
Nampigia, hapokei; anadhani namdai.
Natuma ujumbe: Usile. Sikudai.
Mama Zuhra, moja: keshalifungua.
Halikunuka, anasema, ila mfuniko ulivimba
kama shavu la mwenye jino bovu,
akamwonjesha paka kwanza.
Paka hajambo, mpaka sasa.
Ngonyani mlinzi kalileta mwenyewe,
kalifunga kwenye gazeti kama samaki,
akaniuliza kama na deni linarudi kiwandani.
Nimelifuta, kwa wino.

Limebaki moja.
Hilo daftarini halimo.
Lililipwa taslimu, Jumanne, umeme umekatika,
na mtoto wa shati la shule,
sarafu zina joto la kiganja chake.
Nilimsifu. Nikamwongeza peremende.
Jina sikumuuliza;
anayelipa haulizwi.

Saa kumi na moja alfajiri, sijalala.
Duka leo sifungui.
Nachukua kopo moja la mfano,
nakwenda kusimama getini pa shule
kabla kengele haijalia,
nihesabu mashati meupe
mpaka moja linitambue.