Unga wa Nywele

Alikuwa na miaka ishirini na miwili
walipompa mzee wa kucheza.
Mama Ngoie alichota unga wa bukari, kiganja kimoja,
akaunyunyiza kichwani mwa mwanawe, akinung'unika
kwamba nyumba nzima italala njaa kwa ajili ya mvi za uongo.
Ukumbi wa wafanyakazi, Kamalondo. Viti vya mbao.
Alipoingia na kikohozi cha watu wa mgodi
mtu mmoja nyuma alisimama, akavua kofia:
alidhani ni baba yake.

Mimi nilikuwa chini, ndani ya kisanduku,
na daftari na mshumaa.
Kazi yangu ni kunong'ona.
Miaka arobaini na minne nimemtazama Mwepu Kalaba
kuanzia kwenye viatu.

Viatu navijua. Vya direkta wa kampuni,
vya kuazima kwa karani wa posta, vyenye gazeti nchani.
Vya askari. Vya bwana harusi mlevi.
Na miguu mitupu ya mfungwa, kisigino kimepasuka;
hilo halikuwa vazi.

Alikufa sana. Kwa sumu, kwa kisu, chini ya mwamba
tulioushona kwa magunia na kuupaka majivu,
na mara moja kwa kicheko, maana mchezo ulitaka hivyo.
Watoto wa Katuba walimfuata njiani:
"Papa Mwepu, ulikufaka mara ngapi?"
Akahesabu kwa vidole, vikamwishia,
akaomba vyao.

Kisha wakaja watu wa filamu na magari mawili.
Wiki tatu alitembea mbele ya lile bomba la moshi,
akarudia, jua likisogea, akarudia.
Filamu ikasafiri hadi miji tusiyojua kuitamka.
Ilipotufikia, juu ya shuka ukutani, jenereta ikikohoa,
tuliungoja uso wake saa moja na nusu.
Kikaja kisogo.
Kisogo, na bega la kushoto,
kwa muda wa kumeza mate.
Ukumbi ukalipuka!
Musoya kinyozi akapanda juu ya benchi:
"Ile ni kazi yangu! Ile shingo ni mimi niliikata!"
Mwepu alicheka pamoja na wote.
Usiku ule hakula.

Baadaye uso nao ulipita: padri, dereva wa lori,
hakimu asiye na jina. Sikuviona viatu,
kwa hiyo sikuziamini sana zile filamu.

Ukaja mwaka mishahara ilipokauka.
Mlangoni tulipokea kopo la unga badala ya tiketi,
na baada ya pazia tukagawana kwa kikombe.
Mwepu alibeba fungu lake hadi kwa mama yake,
akaliweka mezani bila neno.
Mama akalipima kwa kiganja.
"Sasa," akasema, "kichwa chako kimelipa."

Mwezi wa kumi na moja huu anacheza tena mzee yule wa kwanza.
Kyabula, binti anayetuongoza siku hizi,
alimletea unga kwenye kibakuli cha plastiki.
Mwepu akavua kofia, akamwonyesha.
"Tia ile mu chungu, mwanangu."

Ijumaa mvua ilipiga mabati.
Katikati ya sentensi, anaposema na mwanawe mlangoni,
alinyamaza.
Nikanong'ona. Kimya.
Nikanong'ona kwa nguvu, safu ya mbele ikanisikia.
Akageuza kichwa polepole, akatazama juu:
"Acheni mvua imalize maneno yake.
Mimi nilimkatiza."

Makofi, miluzi, mtu akatupa kofia.
Lakini mimi nipo chini, na kutoka chini
niliiona suruali yake ikitetemeka gotini.
Nikapekua daftari, ukurasa huu, ukurasa ule.
Sentensi ile haimo.
Niliiandika pembeni kwa penseli,
ikiwa kesho ataihitaji.