Boneti

Kipya kinyemi, alisema mwenye duka pale Masasi,
akakomea hapo, kidonda hakukitaja.
Kiti bado kimevaa nailoni,
magurudumu yana vinywele vya mpira kama kidevu cha kijana.
Nguvu za farasi ishirini na tano, alisema,
kana kwamba angewafungulia uani niwahesabu.
Miaka mitatu ya kulipa.
Korosho ikipanda, nalipa. Ikishuka mnadani, nalipa.
Ubwiriunga ukila maua, mvua ikikosea mwezi, nalipa.
Nilikalia ile nailoni. Ililia.

Ya kale ni dhahabu, alisema Nandonde wa Stesheni,
mtu wa pili kunipa methali kabla ya chai.
Lake jekundu, au lilikuwa:
jua la Nachingwea limelilamba
mpaka likafanana na vumbi la njia ya Ruangwa.
Mita ya saa imegota
elfu tatu mia nne na kumi na mbili.
"Tangu lini?"
"Haina muda."
Nusu ya bei. Chini ya nusu, nikilipa kabla ya Ijumaa.

Nina ekari kumi na nne Naipanga.
Tisa za mikorosho, nyingine mbaazi na ufuta,
na kipande cha mawe ambacho marehemu Chitanda
alikiita shamba ili hesabu itimie.
Palizi ya mwaka jana niliweka vibarua kumi na mmoja,
nikalipa, nikapika, na bado nyasi zilinitangulia.
Korosho zikadondoka zisionekane,
tukazipapasa kwa vidole
kama mtu aliyepoteza pete.
Riba ya msimu ule aliilipa mgongo wangu.

Kwa mjomba Mnunduma kuna chuma
kilichobaki tangu Wazungu walime karanga:
nusu ya trekta, kuku wanatagia penye injini.
Nalo siku moja lilishushwa jipya, linanuka rangi,
watu wakajipanga kulitazama.
Sisemi zaidi. Mayai tunakula.

Nilikwenda Stesheni na Likunja, fundi wa mashine za kukoboa.
Rangi hakuitazama. Aliliomba lizungushwe,
bisibisi mkononi, tayari kuuweka mpini sikioni
asikilize kama mkunga.
Mimi injini sizijui. Najua vyungu.
Kabla Nandonde hajagusa ufunguo
niliweka kiganja juu ya boneti.

Ya moto.

Chungu hakichemki kwa hamu ya mgeni.
"Mmeliamsha kabla yangu," nikasema.
Nandonde akaanza habari za jua.
Trekta lilikuwa chini ya bati tangu jana.

Nikarudi siku ambayo hatukuagana,
saa kumi na moja na nusu, majogoo yanabishana.
Boneti baridi kama jiwe la kusagia.
Mara ya kwanza likakohoa. Ya pili likagoma.
Ya tatu likatoa moshi wa buluu, mwingi, wa aibu,
kisha likatulia, likaanza kuongea.
"Linakula oili," alisema Likunja, bisibisi sikioni.
"Ringi za pistoni. Na klachi haifiki Desemba."
"Ni hayo tu?"
"Ni hayo tunayoyajua."

Basi nikachagua, na si kwa methali ya yeyote.
Lile la Masasi nalo lina maradhi, hayajazaliwa tu,
na yakizaliwa dawa yake itangojwa kutoka Dar es Salaam
huku nyasi hazingoji.
Ya hili nimeyaona uso kwa uso,
na tabibu wake nina deni naye: gunia la mbaazi, hajanilipa.

Nandonde alikata bei ya klachi, akakata ya ringi.
Nikataka laki moja zaidi.
"Hiyo ya nini?"
"Iandike jua," nikamwambia.

Klachi haikuiona Desemba kweli.
Ilikufa Novemba, kwenye kile kipande cha mawe.
Nikashuka, nikaenda nyumbani kwa miguu,
nikafungua kopo.